Abiria Sifuri wa Kituo Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumegawiwa madaftari. Ukurasa wa kushoto tuandike hesabu ya abiria, ukurasa wa kulia tuandike mambo yaliyojitokeza siku hiyo. Nikauliza, "Na yasiyojitokeza, mwalimu?" Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Ni mhandisi wa mkoa, mama wa makamo, uso umenyooka hauna kona, nami tangu leo nimempa jina la Bi Rula. Mwenyewe hatajua. Amesema atakagua kurasa za kushoto tu. Za kulia ni za kutusaidia wenyewe kukumbuka. Basi huku kulia ni kwangu. Huku nitasema.

Kazi yenyewe ni hii. Mkoa unataka vivuko vya abiria vizunguke ziwa zima, vituo tisa, kwa ratiba inayoeleweka, siyo kama sasa ambapo kila mwenye boti anaondoka akijisikia. Chuo chetu kimetoa wanafunzi kumi na mmoja wahesabu watu, wachore njia na wapange saa. Kumi wamemaliza kidato cha nne. Wa kumi na moja ni mimi, niliyeishia cha pili, na nimechukuliwa kwa sababu moja tu: nachora mstari ulionyooka bila rula. Nikimaliza msimu huu bila kosa napewa cheti cha uchoraji ramani. Baba akikiona atakosa la kusema, jambo ambalo halijapata kutokea tangu nizaliwe.

Chumba cha ramani kilikuwa ghala la magunia. Ukutani kuna ramani kubwa kama shuka la kitanda, ina pini tisa nyekundu na uzi wa bluu unaozipitia zote. Paa linavuja sehemu mbili. Chini ya tundu la kwanza Bi Rula ameweka ndoo. Chini ya la pili ameweka kiti changu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimechora gati la Namba Mbili. Profesa, yule kijana wa miwani anayeketi kushoto kwangu, amefuta lake mara nne. Mimi sikufuta hata mara moja. Karatasi yenyewe ilinishukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepelekwa Kituo Namba Saba, upande wa pili wa ziwa, barabara inakoishia. Siku tano, kuanzia asubuhi saa kumi na mbili hadi jioni saa kumi na mbili, nisimame gatini na kidude cha kuhesabia. Akipanda mtu, bofya. Akishuka mtu, bofya.

Gati liko wapi? Zimebaki nguzo sita zimechomoza majini kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Mbao zimeoza zikaenda na maji, na boti haijasimama hapa huu mwaka wa tatu. Watu wanashuka hadi ufukweni, wanatazama maji, wanarudi walikotoka. Hao hawabofywi, kanuni ni kanuni. Kunguru mmoja alitua juu ya nguzo, nikafikiria kumbofya yeye.

Kuna mama fundi cherehani, baraza yake inatazamana na nguzo. Akaniita: "Kijana, unangoja boti?"

"Nahesabu abiria, mama."

"Umepata wangapi?"

"Bado."

Alicheka mpaka mshono ukaenda upande.

Ijumaa, 14 Machi

Kushoto nimeandika: 0, 0, 0, 0, 0.

Huku kulia tuseme ukweli. Nilisimama siku moja. Jumanne asubuhi nilidandia lori, nikashuka njia panda kwa rafiki yangu fundi baiskeli, tukacheza drafti hadi leo. Nimemfunga mara kumi na nne. Sifuri haihitaji msimamizi. Ukiiacha peke yake inabaki sifuri ile ile. Wengine watauita uvivu. Mimi nauita hesabu.

Jumanne, 18 Machi

Habari imekuja kwamba boti zitakuwa tatu, siyo nne. Boti tatu haziwezi kumaliza vituo tisa kwa siku moja. Tumejaribu kupanga saa kila namna, Profesa mpaka akaota chunusi. Lazima kituo kimoja kitoke.

Bi Rula akatandaza hesabu zetu mezani. "Namba Saba. Abiria sifuri kwa siku tano. Nani atabishana na sifuri?"

Profesa akainua mkono. "Lakini mwalimu, boti isipokwenda, abiria watapandia wapi?"

Bi Rula akanigeukia. "Wewe ulikuwa huko. Kuna watu?"

Nikasema, "Kuna kunguru."

Chumba kizima kilicheka. Hata Bi Rula alitabasamu, mara ya kwanza tangu tuanze, nikajiona nimefika. Akachomoa pini, uzi ukanyooka kutoka Sita hadi Nane. Mstari mzuri. Limebaki tundu dogo tu kwenye karatasi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Mvua. Ndoo imeongezwa. Kiti changu hakijaguswa.

Jumatano, 2 Aprili

Niko Namba Saba tena. Ipo fomu ya kufunga kituo, inataka saini na mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, na Bi Rula amesema niilete mimi kwa kuwa "unawajua watu wa huko". Niende leo, nirudi kesho. Nimefika, mwenyekiti amekwenda kumtazama binti yake ng'ambo ya mto. Dereva wa lori hakungoja.

Fundi cherehani amenilaza kwenye chumba cha vitambaa. Ana binti wa kidato cha nne. Huyo anasoma bweni kule Namba Sita, amekuja juzi kuchukua sweta na kumwona mama yake, arudi kufanya mtihani wa mwisho. Unaanza tarehe ishirini na nne. Alinitazama juu hadi chini.

"Kaka, wewe ndiye ulikuja kuhesabu kunguru?"

Huyu mdomo wake na wangu ni baba mmoja mama mmoja.

Alhamisi, 3 Aprili

Daraja limekwenda.

Nilidhani watu wanakuza mambo, nikaenda kutazama. Mto umefura, rangi ya chai ya maziwa, na daraja halipo hata dalili. Mwenyekiti alikuwa amesimama ng'ambo na mhuri wake mfukoni, anatupungia mkono. Hakuna barabara nyingine. Mitumbwi ya hapa ni ya kuvulia karibu karibu, na kwa mawimbi haya hakuna anayethubutu.

Mimi nikathubutu mto. Nani atanifunga mimi mahali? Niliona shina la mti limelala hadi katikati, nikavua viatu, nikasema nikifika pale nitaruka. Shina lilizunguka. Nilikunywa maji ya kutosha mwezi mzima. Seremala mmoja alinivuta kwa kola ya shati, maana nywele ni fupi. Goti la suruali limechanika, simu imebaki mtoni, fomu imelowa mfukoni; afadhali daftari nililiacha chumbani.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekatika kabisa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua. Pazia la chumba cha vitambaa lina viraka ishirini na viwili.

Jumatatu, 7 Aprili

Ishirini na vitatu. Kimoja kilijificha kwenye pindo.

Jumanne, 8 Aprili

Leo nilitamani ule mto uje unichukue.

Nilimpa fundi suruali anishonee goti. Hakuna fundi anayeshona suruali bila kupekua mifuko, na mimi mwenye akili nyingi nilisahau. Niliposikia naitwa, alikuwa ameitandaza fomu juu ya meza na anaipiga pasi ya mkaa, taratibu, kama anavyopiga kola.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Soma, mwanangu."

"Mama, hiyo ni karatasi ya ofisi tu."

"Soma. Macho yangu ya karibu yamechoka."

Binti akaichukua. "Yangu hayajachoka." Akasoma kwa sauti ya kusomea risala: "Kituo Namba Saba kiondolewe katika mtandao kwa kuwa hakina abiria."

Fundi aliiweka pasi kando.

"Nani kasema hatuna abiria?"

"Hesabu, mama."

"Hesabu ya nani?"

Nikatazama goti langu. Goti nalo lilikuwa wazi.

"Ulisimama pale siku moja," akasema. "Kesho yake nilikuwekea chai hapa barazani, nikasema yule mtoto wa watu anasimama kwenye mvua. Chai ikapoa. Kesho kutwa nikaweka tena."

Afadhali angenipiga. Kupigwa nimezoea, nina ngozi yake. Badala yake alivuta suruali, akamalizia goti, akakata uzi kwa meno. "Vaa. Kukufukuza siwezi, njia ya kukufukuzia haipo."

Binti ameshanipa jina. Kaka Sifuri. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unaniita hivyo, hata watoto wasiojua kuhesabu.

Jumatano, 9 Aprili

Simu zinashika kilimani tu. Nimepanda na mwenye duka wa hapa, tukajifunika nailoni moja, nikampigia Bi Rula kwa simu yake.

"Mwalimu, Namba Saba kuna abiria."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Umeniletea mwenyewe sifuri tano, kwa mkono wako, na saini yako." Nilimsikia Profesa nyuma yake akisoma saa za ratiba. Halafu Bi Rula akauliza polepole, "Ulisimama siku zote tano?"

Mlango ulikuwa wazi pale. Ningepita tu. Nikaona cheti, nikamwona baba amekishika.

"Ndiyo, mwalimu. Zote tano."

"Basi sina cha kubadilisha. Ramani inapelekwa Ijumaa, tarehe ishirini na tano, na ikishapelekwa ni miaka mitano kabla ya kuguswa tena. Kaa mahali pakavu."

Simu ikakatika. Mwenye duka akauliza, "Amesemaje?"

"Amesema nikae mahali pakavu."

Tukatazama huku na huku. Hapakuwepo.

Ijumaa, 11 Aprili

Fundi ameniwekea kiti barazani, mbele ya nguzo sita, na makopo mawili ya bati: moja la vifungo, moja tupu.

"Nyie mnahesabu wanaopanda," akasema. "Hapa pa kupandia hapapo. Hesabu wanaorudi."

Kila anayeshuka kutazama kama kuna chombo namuuliza anakwenda wapi na kufanya nini. Akijibu, anatia kifungo kwenye kopo tupu. Mtu mmoja, kifungo kimoja. Mwenye duka alitaka kutia vitatu, eti kimoja chake na viwili vya magunia yake ya chumvi. Nikamwambia gunia likija na miguu yake nitalipa kifungo.

Leo: 17. Mmoja ni mjamzito wa miezi minane anayetakiwa kliniki. Mmoja anakwenda kubadilisha miwani. Mmoja hataki kusema anakwenda kwa nani, akaona aibu, nikamwandika "binafsi".

Jumamosi, 12 Aprili

22.

Jumatatu, 14 Aprili

31. Ilikuwa siku ya soko Namba Nane. Kutoka barazani hapa paa la soko linaonekana kabisa. Watu walisimama wakalitazama kama mbwa anavyotazama bucha.

Nimekumbuka: wote hawa niliwaona ile tarehe kumi Machi. Walikuja, wakatazama, wakarudi. Nilikuwa na kidude mkononi.

Jumanne, 15 Aprili

Radi. 12. Yule mjamzito amekuja tena. Nikamwambia keti, kifungo chako nitakitia mimi.

Alhamisi, 17 Aprili

26. Binti anasoma nyuma ya kiti changu, ananifanya ukuta wa kuzuia upepo. Leo aliniuliza nilifelije.

"Sikufeli. Niliacha kwa hiari."

"Uliachaje?"

Nikaanza ile hadithi yangu ya kila siku, ya mwalimu mkuu aliyeniogopa. Akasema, "Kaka Sifuri, niko kwenye fizikia, usinipotezee muda." Basi nikamwambia. Asubuhi ya mtihani wa kidato cha pili niliamka, nikasikia mvua kwenye bati, nikarudi kulala. Shule ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani. Mvua nimeisingizia tangu siku hiyo.

Nilingoja anicheke. Alifungua ukurasa mwingine.

Jumamosi, 19 Aprili

Binti alisema atapita njia ya kinamasi. Mama yake akalia, halafu akamfungia mkate. Mimi na seremala tukamsindikiza. Saa ya kwanza matope ya magoti. Saa ya pili ya kiunoni. Saa ya tatu seremala alichomeka mti kupima mbele yetu, mti ukazama wote, hatukuuona tena. Tukarudi. Kiatu kimoja cha shule cha binti kimebaki huko.

Vifungo vya leo alihesabu fundi. 14. Amesema amemkataa wa kumi na tano kwa sababu alikuwa yeye mwenyewe.

Nilimwambia atie.

Jumatatu, 21 Aprili

Mwenye duka ameshuka kilimani mbio na ujumbe wa Bi Rula. Jumatano boti ndogo ya wapima kina itapita, inichukue. Nafasi moja, boti imejaa vyombo, na jaketi la kuokolea la ziada ni moja. Asiye na jaketi hapandi, amri ya Bi Rula, na amri ya Bi Rula haipindi.

Fundi alifurahi kwa ajili yangu. Alifurahi kweli. Hiyo ndiyo iliyoniumiza.

Jumanne, 22 Aprili

23. Jumla ya siku kumi na mbili: safari 247 ambazo hazikusafiriwa.

Nimenakili jumla hiyo kwenye karatasi safi, siku kwa siku, mistari imenyooka. Nikaitazama. Inapendeza, kama zile sifuri zangu zilivyopendeza. Nani ataiamini? Kwa Bi Rula mimi ni mtu aliyesimama siku tano akaona sifuri, kisha mvua ikamkalisha akaona mia mbili na arobaini na saba. Ataona nimewahurumia wenyeji wangu. Ningekuwa yeye ningeitupa.

Linaloaminika ni daftari. Humo, kushoto, kila mtu yupo na safari yake, na kulia imeandikwa kwa nini sifuri ilikuwa ya uongo. Nikataka kuchana kurasa za kulia, nimpe za kushoto. Jaribu uone. Mgongo wa kila ukurasa wa kulia ndio ukurasa wa kushoto unaofuata. Nikichana uongo wangu, yule mjamzito anatoka nao. Nimekaa na kurasa hizi mchana kutwa, nageuza huku, nageuza kule, kama mtu anayetafuta mlango kwenye chumba alichokijenga mwenyewe.

Jumatano, 23 Aprili

Boti imefika. Inanguruma kando ya nguzo ya tatu, mpima kina anapiga kelele, "Mwanafunzi! Jaketi hili, twende!" Naandika juu ya goti lenye kiraka, na nafasi ya kuandika ninayo kwa sababu jaketi ni kubwa, fundi ameliweka kwenye cherehani anapunguza mikanda.

Analipunguza kwa kipimo cha bintiye.

Binti amesimama na begi la shule, kiatu kimoja chake, kimoja changu. "Kaka, na wewe?"

"Mimi hapa nina kazi. Nani atawahesabu?"

"Usijifanye shujaa, hupendezi."

"Mimi napendeza kwa kila hali. Nenda ukafanye fizikia."

Daftari nampa yeye. Mtihani kesho, ramani kesho kutwa. Atafika kituo cha Sita saa nane, amwachie mpima kina, naye anaendelea nalo hadi ofisini.

Bi Rula (ndiyo, ni wewe, jina nilikupa tarehe tatu Machi, na kiti kilicholowa nakidai mpaka leo): ulisema utakagua kushoto tu. Nakuomba anza kulia. Anza tarehe kumi na nne Machi, uone nilikuwa wapi. Ukifika tarehe tisa Aprili utajua ulipouliza niliogopa nini. Cheti usijisumbue kukiandika. Ila tundu la pini lipo bado, kati ya Sita na Nane, nalijua mahali pake hata nikifumba macho.

Fundi amekata uzi kwa meno. Wananiita.

Waliotaka kuvuka leo, 19. Aliyevuka, 1. Waliobaki ni 18; nimesimama mwenyewe nikawahesabu, na mimi nimo.